Kutoka Sembe hadi Uwele: Niliyojifunza kuhusu Mafuta ya Damu na Bakteria wa Utumbo

Karatasi ya maabara niliyopewa baada ya kuvuka miaka hamsini ilionyesha kwamba kolesteroli ya LDL, ile ambayo ikizidi hujikusanya katika kuta za mishipa ya damu, ilikuwa milimoli 4.3 kwa lita, na trigliseridi, aina nyingine ya mafuta ya damu, zilikuwa 2.3. Shinikizo la damu lilikuwa la kawaida, sukari haikuwa na tatizo, na sijawahi kuvuta sigara. Lakini baba yangu mzazi alifariki kwa kiharusi, na daktari aliyenihudumia hapa Dodoma alilipa jambo hilo uzito mkubwa kuliko tarakimu zenyewe. Aliniambia, "Mama, kabla hatujafikia vidonge, tuanze na sahani. Badilisha unachokula kila siku, siyo unachokula sikukuu, kisha baada ya miezi mitatu turudie kipimo." Ninachokula kila siku, kama ilivyo kwa watu wengi wa hapa, ni ugali, na ugali wa nyumbani kwetu kwa miaka yote ya ndoa yangu ulikuwa wa sembe.

Nimefundisha baiolojia katika shule ya sekondari kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, kwa hiyo punje ya mahindi ninaijua vizuri ubaoni. Ina ganda la nje, ina kiini, na ina sehemu kubwa ya wanga inayojaza nafasi iliyobaki. Mashine ya kukoboa huondoa ganda pamoja na kiini, navyo hutoka kama pumba ambazo wafugaji wa kuku, nguruwe na ng'ombe wa maziwa huzigombania mlangoni mwa mashine. Katika pumba hizo huondoka sehemu kubwa ya nyuzinyuzi, ambazo wataalamu wetu wa lishe huziita pia makapi-mlo, huondoka vitamini nyingi za kundi B, magnesi na zinki, na huondoka mafuta ya kiini ambayo mengi yake ni ya aina isiyoganda. Unga unaobaki ni mweupe, laini, unakaa muda mrefu bila kuchacha, na unameng'enywa kwa haraka. Unga wa mahindi yasiyokobolewa una kama gramu 7 za nyuzinyuzi katika kila gramu 100, na Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2023, linapendekeza mtu mzima apate angalau gramu 25 kwa siku kutoka katika chakula halisi. Nilipokaa na kalamu kuhesabu mlo wetu wa kawaida, yaani chai na mkate mweupe asubuhi, wali mchana, ugali wa sembe jioni na mboga kidogo pembeni, niliona wazi kwamba hatukuwa tukikaribia kiwango hicho.

Aliyenisaidia kuanza ni mama mkwe wangu, ambaye anaishi Kongwa na hajawahi kuiacha nafaka ya kwao. Yeye hula ugali wa uwele kwa mlenda, wakati mwingine ugali wa mtama, na sembe huila anapotutembelea mjini kwa sababu ndiyo anayopewa. Nilipomweleza habari ya daktari hakushangaa hata kidogo. Alisema, "Mwanangu, sembe hainikalii. Nikila saa saba, saa kumi tumbo linaniuliza." Kisha akanituma nyumbani na debe la uwele, akanielekeza kwamba nisiukoboe, niupete na kuupembua vizuri, niuoshe mchanga, niuanike na kuusaga kwenye mashine iliyotoka kusaga mtama au dona, yaani mahindi yasiyokobolewa, ili nisichanganyiwe na sembe ya mtu mwingine. Kwa mahindi nilianza kununua punje zenyewe, yale yanayotoka soko la Kibaigwa, na kuyasaga dona mbele ya macho yangu. Asubuhi mkate uliondoka, ukaingia uji wa ulezi usiotiwa sukari nyingi; na kwa kuwa daktari alikuwa ameyataja oti, nikawa ninapika pia uji wa oti siku kadhaa za wiki.

Jambo la kwanza lililobadilika halikuwa damu, lilikuwa tumbo. Katika wiki za mwanzo nilijaa gesi kiasi cha kukosa raha darasani, na mume wangu, ambaye alikubali mabadiliko haya kwa sababu yangu tu, alilalamika kwamba tumbo linamnguruma usiku kucha. Wengi huacha dona hapo hapo, wakisema kwamba haiwapatani. Ninaomba msomaji aelewe kinachotendeka, kwa sababu ndicho kiini cha habari hii yote. Nyuzinyuzi hazimeng'enywi na vimeng'enya vyetu. Hupita tumboni na katika utumbo mwembamba zikiwa nzima, zikafika katika utumbo mpana, ambako wanaishi bakteria kwa matrilioni. Bakteria hao ndio wanaozichachusha, na katika kazi hiyo hutoa gesi pamoja na asidi fupi za mafuta, hasa asetati, propionati na butirati. Butirati ndiyo chakula kikuu cha seli zinazotandika ukuta wa utumbo mpana. Propionati husafiri hadi kwenye ini, na asetati huenea mwilini kupitia damu. Utumbo uliozoea sembe na mkate mweupe una bakteria wachache wenye ujuzi wa kazi hii, na ukiuletea mzigo mkubwa ghafla, lazima utaabike mpaka jamii ya bakteria ijipange upya. Tulipunguza kasi, tukawa tunachanganya dona na sembe nusu kwa nusu, tukaongeza maji ya kunywa, na baadaye tukaendelea hadi dona tupu. Gesi ilipungua, choo kikawa laini na cha kila siku, na mume wangu, aliyekuwa akisumbuliwa na kufunga choo tangu nilipomfahamu, akaacha kulizungumzia tatizo hilo.

Mwaka 2010 watafiti wa Italia walichapisha kazi ambayo bado ninawasomea wanafunzi wangu. Walilinganisha watoto wa kijiji kimoja cha Burkina Faso na watoto wa mji wa Florence. Watoto wa Burkina Faso walikuwa wakila uwele, mtama, kunde na mboga, chakula ambacho mama mkwe wangu angekitambua mara moja kuwa ni chake. Bakteria wa jamii ya Prevotella, ambao wana vimeng'enya vya kuvunja nyuzinyuzi ngumu za mimea, walijaa katika matumbo ya watoto hao, na asidi fupi za mafuta katika choo chao zilikuwa nyingi kuliko za wenzao wa Ulaya. Ninapousoma utafiti huo najisikia fahari, lakini pia huwa najizuia, kwa sababu watoto hao walitofautiana na wale wa Florence katika mambo mengi zaidi ya nafaka: maji, hewa, mifugo, dawa za antibayotiki, hata muda wa kunyonya. Utafiti wa namna hiyo huonyesha tofauti, wala hauwezi peke yake kusema ni kitu gani kilichoileta.

Ndiyo maana naupenda zaidi ule wa mwaka 2015, uliowahusisha Waafrika wa vijijini KwaZulu-Natal, Afrika Kusini, watu 20, na Wamarekani weusi 20 wa mji wa Pittsburgh. Kwa majuma mawili makundi hayo yalibadilishana vyakula. Wamarekani walipandishwa kutoka gramu 14 za nyuzinyuzi kwa siku hadi 55, na mafuta katika mlo wao yakapunguzwa. Waafrika walishushwa kutoka gramu 66 hadi 12, na mafuta yao yakaongezwa sana. Katika muda huo mfupi butirati iliongezeka kwa waliopewa chakula cha Kiafrika na ikapungua kwa waliopewa cha Kimarekani, na dalili za uvimbe (ule wa kinga ya mwili kuwaka, si wa saratani) katika ukuta wa utumbo mpana zilifuata mkondo huo huo. Hapa watu ni wale wale, kilichobadilika ni sahani, na bakteria wakaitikia katika majuma mawili tu. Nilipokuwa katika taabu ya gesi, habari hiyo ilinipa subira, kwa sababu ilinionyesha kwamba mabadiliko ya utumbo hayahitaji miaka.

Damu ina mwendo wake mwingine. Nilirudi kwa daktari baada ya ile miezi mitatu, na LDL ilikuwa imeshuka kutoka 4.3 hadi 3.9, trigliseridi kutoka 2.3 hadi 1.7, na HDL, ile kolesteroli inayoitwa nzuri, ilibaki palepale. Nilifurahi, lakini nilipofika nyumbani nilianza kujiuliza ni nini hasa kilichofanya kazi hiyo, kwa kuwa nilikuwa nimebadilisha mambo mengi kwa pamoja. Chapati na maandazi ya kukaanga yalikuwa yamepungua, na pamoja nayo mafuta mazito ya kukaangia. Sukari katika chai na uji ilikuwa imepungua, na ninaamini kwamba kushuka kwa trigliseridi kulitokana zaidi na hilo, kwa maana ini hugeuza sukari na wanga wa haraka kuwa trigliseridi. Nilikuwa pia nimepungua uzito kidogo, kwa kuwa dona na uwele hushibisha mapema. Nafaka isiyokobolewa ilikuwa na sehemu yake katika yote hayo, lakini sehemu hiyo ni ipi?

Katika kutafuta jibu nilijifunza jambo ambalo watu wengi wanaosifia vyakula vya asili hulipita haraka, nalo ni kwamba nafaka nzima hazifanani katika kazi zake. Mwaka 2015 watafiti walijumlisha majaribio 24 yaliyolinganisha nafaka nzima na nafaka zilizokobolewa, wakakuta kwamba kwa wastani nafaka nzima ilishusha LDL kwa milimoli 0.09 kwa lita, na kolesteroli yote kwa 0.12. Ni kiasi kidogo. Oti ndizo zilizoongoza, zikishusha kolesteroli yote kwa 0.17. Sababu yake ni beta-glukani, nyuzinyuzi inayoyeyuka ambayo ikikutana na maji huvutika kama mlenda. Ini hutengeneza asidi za nyongo kutokana na kolesteroli, hizo humiminwa utumboni ili kusaidia umeng'enyaji wa mafuta, na takribani asilimia 95 yake hufyonzwa tena mwishoni mwa utumbo mwembamba na kurudi kwenye ini. Ute wa beta-glukani hukamata sehemu ya asidi hizo na kwenda nazo chooni. Akiba inapopungua, ini hulazimika kutengeneza nyingine, na ili kupata malighafi huongeza vipokezi vinavyovuta LDL kutoka katika damu. Gramu 3 za beta-glukani kwa siku, kiasi ambacho mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilikitambua tangu mwaka 1997 kwa upande wa oti, hutosha kushusha LDL kwa kama asilimia 5 hadi 7. Shayiri nayo ina beta-glukani kwa wingi, na inasikitisha kwamba ile inayolimwa kaskazini mwa nchi yetu karibu yote huishia katika viwanda vya bia, bila kufika jikoni.

Mahindi hayana beta-glukani ya kutosha kufanya kazi hiyo. Nyuzinyuzi zake nyingi ni za aina isiyoyeyuka. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Reading, Uingereza, waliwapa watu chakula cha asubuhi cha mahindi yasiyokobolewa, gramu 48 kwa siku, kwa majuma matatu; bakteria wa jamii ya Bifidobacterium, ambao huhesabiwa kuwa wa manufaa, waliongezeka, lakini mafuta ya damu hayakubadilika kwa kiasi cha kuhesabika. Nilipousoma utafiti huo nilielewa mwili wangu mwenyewe vizuri zaidi kuliko nilivyouelewa kwa karatasi ya maabara. Dona ilikuwa imelitengeneza tumbo langu, na oti, pamoja na kupungua kwa mafuta ya kukaangia, ndizo zilizogusa LDL. Hizi ni kazi mbili tofauti, na mtu anayetarajia dona ishushe kolesteroli yake kama dawa ataiacha kwa kukata tamaa, wakati ingemfaa sana kwa sababu nyingine.

Kuhusu uwele, ulezi na jamii yake, ushahidi unatia moyo zaidi kuliko wa mahindi. Mwaka 2021 wanasayansi wakiongozwa na wale wa ICRISAT, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mazao ya nchi kame, walijumlisha majaribio ya nafaka hizo ndogo, mengi yakiwa ya India, wakaona kolesteroli yote ikishuka kwa kama asilimia 8 kwa watu waliozila kwa muda wa wiki tatu hadi miezi minne. Majaribio mengi ya namna hiyo huwa na washiriki wachache, kwa hiyo sitamwambia mgonjwa yeyote ategemee asilimia hizo. Lakini kwangu mimi ninayeishi Dodoma, ambako uwele na mtama huvumilia ukame unaoua mahindi, ni sababu ya kutosha ya kuziweka nafaka hizo mezani. Naongeza kwamba mlenda unaoliwa na ugali huo una ute ambao nao ni wa jamii ya nyuzinyuzi zinazoyeyuka. Wazee wa Ugogo walizikutanisha aina mbili za nyuzinyuzi katika mlo mmoja, na mlo huo ni wa bei nafuu hadi leo.

Sipendi, hata hivyo, kuwapa bakteria sifa zote. Mwaka 2019 watafiti wa Denmark walitoa majibu ya jaribio walilolifanya kwa watu wazima 60, ambao kila mmoja alikula nafaka nzima kwa majuma manane na nafaka iliyokobolewa kwa majuma mengine manane. Uzito ulipungua wakati wa nafaka nzima, na dalili za uvimbe wa chini kwa chini katika damu zikapungua, lakini jamii ya bakteria wa utumbo haikubadilika kwa kiasi kikubwa. Huenda shibe peke yake, kwa kumfanya mtu ale kidogo, inaeleza sehemu kubwa ya faida hiyo. Nimewahi kusikia watu wakieleza kila ugonjwa kwa habari ya bakteria wa tumbo, na kama mwalimu naona wajibu wa kusema kwamba njia kutoka bakteria hadi kolesteroli, kwa mfano ile ya propionati kupunguza utengenezaji wa kolesteroli katika ini, haijathibitishwa kwa binadamu kwa uzito ule ule wa njia ya nyongo.

Utafiti unaotuhusu kwa karibu zaidi ulifanyika Moshi. Watafiti wa Chuo Kikuu Kishiriki cha Tiba cha KCMC na wenzao wa Radboud, Uholanzi, walichapisha mwaka 2025 majibu ya jaribio la wanaume 77 wa kaskazini mwa Tanzania. Wanaume wa vijijini waliokuwa wakila chakula cha asili waliwekwa kwa majuma mawili kwenye chakula cha kisasa chenye vyakula vilivyosindikwa, na wa mjini wakapelekwa upande wa chakula cha asili, yaani ndizi, maharage, mboga za majani na nafaka. Kundi jingine lilikunywa kinywaji kilichochachushwa cha ndizi kwa juma moja. Waliohamia chakula cha kisasa, damu yao ilionyesha uvimbe uliopanda na chembe za kinga zisizoitikia vizuri vimelea, na waliohamia chakula cha asili walionyesha kinyume chake. Baadhi ya mabadiliko yalikuwa bado yapo wiki nne baada ya jaribio kwisha. Lililonigusa ni kwamba vijana hao walikuwa wenye afya, wala hawakuwa wagonjwa kama ninavyoweza kuitwa mimi. Wanafunzi wangu wanaotoka vijijini kuja bweni na kuanza kula mikate, chipsi na soda, wanapita katika jaribio hilo hilo bila mtu wa kuwapima.

Hapa lazima nizungumzie hatari ambayo kwa mkoa wetu si ya kufikirika. Mwaka 2016 watu wa Dodoma na Manyara waliugua na wengine kufariki kwa sumukuvu, sumu ya kuvu wanaoota kwenye mahindi na karanga, na familia zilizopoteza watoto bado tunaishi nazo. Sumukuvu huharibu ini, na haiondoki kwa kuchemsha wala kwa kusonga ugali hadi uive. Sehemu kubwa ya sumu hiyo hukaa katika ganda na kiini, ndiyo kusema kwamba mashine ya kukoboa, pamoja na hasara zake zote, huipunguza. Anayehama kutoka sembe kwenda dona kwa kutumia mahindi mabovu anaweza kuyakimbia maradhi ya moyo akaingia katika maradhi ya ini. Kwa hiyo nimekuwa mkali sana katika suala la mahindi ninayoyanunua. Siyachukui yaliyoanikwa chini kwenye udongo. Ninayauma: punje kavu hukatika kwa mlio, na punje mbichi hubonyea, kiwango cha Afrika Mashariki kinataka unyevu usiozidi asilimia 13.5. Ninachambua kwa mkono na kutupa kila punje iliyovunjika, iliyotobolewa na wadudu au iliyobadilika rangi, na hizo ninazozitupa siwapi kuku, kwa kuwa sumu hiyo huwadhuru nao pia. Ninahifadhi katika mifuko isiyopitisha hewa. Unga wa dona ninasaga kidogo kidogo, kwa sababu mafuta ya kiini huuchachisha kabla ya muda mrefu kupita. Na uji wa lishe unaochanganywa karanga, mahindi, soya na nafaka nyingine nyingi katika mfuko mmoja, siununui kwa mtu ambaye sijui alikozitoa karanga zake.

Kuna na suala la madini. Ganda la nafaka lina asidi ya fitiki, au fitati, ambayo hushikana na chuma na zinki na kuzuia visifyonzwe. Kwangu mimi niliyevuka umri wa hedhi hilo si tatizo kubwa, lakini kwa binti yangu aliyekuwa mjamzito wakati huo lilikuwa jambo la kufikiriwa. Suluhisho lilikuwa katika mapishi ya bibi zetu: kuloweka, kuotesha kimea na kuchachusha. Ulezi ulioota kimea na uji uliochachuka kidogo hupoteza sehemu kubwa ya fitati zake. Togwa, ambayo hutengenezwa kwa uji wa mtama, mahindi au ulezi uliotiwa kimea na kuachwa uchachuke bila kuwa pombe, ilichunguzwa nchini kwetu katika miaka ya 1990 kwa watoto wadogo wa Ilula, Iringa, na waliopewa uji huo walionekana kuwa na vimelea vya magonjwa ya kuhara vichache kuliko wenzao. Binti yangu aliinywa kila siku mpaka alipojifungua, pamoja na vidonge vya madini chuma alivyopewa kliniki, ambavyo nilisisitiza asiviache.

Gharama imetushangaza kwa kuwa ndogo. Dona ya kusaga mwenyewe ni rahisi kuliko sembe ya dukani, kwa kuwa kilo ya mahindi hutoa karibu kilo nzima ya unga. Uwele ni nafuu msimu wa mavuno. Ghali ni oti, ambazo nyingi huja kutoka nje, na kwa hizo ninatumia kiasi cha kupimwa tu. Kazi iliyobaki ni ya ladha. Kijana wangu wa mwisho alikataa kabisa ugali wa uwele kwa sababu ya rangi yake, na sikumlazimisha. Anakula dona kwa maharage, na siku ugali ukibaki anaula asubuhi ukiwa kiporo. Nimemwambia kwamba wanga uliopoa hugeuka kwa sehemu kuwa wanga sugu, ambao hufika katika utumbo mpana na kuwalisha bakteria kama nyuzinyuzi zinavyofanya, na sasa anakiomba kiporo mwenyewe.

Kaka yangu mkubwa, ambaye moyo wake uliwahi kumsumbua na anameza statini, vidonge vya kushusha kolesteroli, kila usiku, aliposikia habari yangu alinipigia simu akauliza, "Dada, sasa na mimi niache vidonge nile uwele?" Nilimjibu asithubutu. Statini humshushia LDL kwa asilimia 30 hadi 50, kutegemea aina na dozi, na hakuna nafaka duniani inayofika huko. Uwele ale, dona ale, lakini kidonge chake kikae palepale, na kama anataka kupunguziwa dozi amwulize daktari wake kwa kipimo mkononi. Mimi mwenyewe LDL yangu imetulia kwenye 3.8 kwa muda sasa. Daktari ameniambia kwamba ikipanda tena juu ya 4, kwa kuzingatia alivyofariki baba, tutazungumza habari ya statini, na nimekubaliana naye.